Ukiwa Hospitali ya Mafunzo, Jua Tofauti ya Kufundishwa na Kutafitiwa

Mimi ni mtu wa Pwani, lakini riziki imenileta Kakamega. Kila nirudipo nyumbani huulizwa swali lile lile: ni kweli hospitali za mafunzo huwafanya wagonjwa majaribio? Swali ni la haki, na jibu lake lamfaa kila mwenye mzazi au mtoto wodini.

Hapa Kakamega kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Wanafunzi wa udaktari husoma darasani, kisha hujifunza kando ya kitanda cha mgonjwa. Ndugu msomaji, hapo wodini kuna mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya.

La kwanza ni kufundisha. Mwanafunzi hukuuliza maradhi yalianzaje, hukupapasa tumbo, husikiliza mapafu, halafu humweleza mwalimu wake alichokiona. Uamuzi wa dawa si wake. Ni wa daktari anayemsimamia. Usipotaka kuguswa na mwanafunzi, sema.

La pili ni utafiti, yaani kutafuta jibu ambalo bado halijulikani. Huu hauanzi mpaka kamati ya maadili iupitishe. Mtafiti lazima akueleze, kwa lugha unayoielewa, anatafuta nini, atachukua nini kwako na kuna hatari gani. Kukubali ni hiari. Waweza kujitoa siku yoyote, na matibabu yako yakaendelea vile vile. Kuambiwa tu "tia sahihi hapa" bila maelezo si ridhaa.

Basi kwa nini tukubali? Tazama chanjo ya malaria. Kati ya 2009 na 2014, chanjo iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika. Kilifi yetu ilikuwa miongoni mwa vituo hivyo, kupitia kituo cha utafiti kilichoanza pale mwaka 1989. Ilionekana kwamba watoto waliopata dozi nne waliepushwa takriban visa vinne katika kila kumi kwa muda wa miaka minne. Si kinga kamili, ndiyo maana chandarua hakiachwi.

Septemba 2019 Kenya ilianza kuitoa chanjo hiyo katika kaunti nane za magharibi, Kakamega ikiwamo, kwa sababu ukanda wa Ziwa Viktoria ndio wenye malaria kali zaidi nchini. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi. Kwa hivyo mama wa Kilifi aliyeelezwa akakubali amemsaidia mtoto wa Kakamega asiyemjua.

Lakini wema huo hudumu palipo uaminifu. Damu ikichukuliwa bila maelezo, hata watafiti waadilifu watakuja kufungiwa milango.

Kuuliza si ujinga. Ukifika hospitali ya mafunzo, iwe huku bara au huko nyumbani, uliza matatu: Hii ni ya matibabu yangu au ya utafiti? Nani ameuidhinisha? Nikikataa itakuwaje? Usipojibiwa ukaelewa, usitie sahihi.