Maneno ya Kimathi yako wapi?

Kila mwaka wanafunzi wangu huniuliza kama Dedan Kimathi alitendewa haki mjini Nyeri mnamo Novemba 1956. Huwaambia waanze na mahakama yenyewe. Katika Kenya ya mkoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa zito aliamuliwa na juri la Wazungu wenzake. Kimathi, aliyeshtakiwa kwa kupatikana na bastola, aliwekewa wazee wa baraza watatu, Waafrika, ambao maoni yao hayakumfunga Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Ni kweli, wote watatu walimwona na hatia. Lakini mizani ilikuwa imekwisha kuinama kabla hawajaketi.

Mimi mwanaisimu nasumbuliwa zaidi na jambo jingine. Kimathi alijitetea kwamba alikuwa akienda kujisalimisha. Utetezi huo ulipita kinywani mwa mkalimani, ukaandikwa kwa Kiingereza. Kumbukumbu za kesi, zilizodhaniwa kuwa zimepotea, zilichapishwa mwaka 2017. Kikuyu chake hakimo. Walimu wa Nyeri, Karatina na Nanyuki, zisomeni darasani, na kwa kila sentensi mwulize: ni nani anayesema hapa? Kwa sentensi hizo alinyongwa Kamiti, tarehe 18 Februari 1957.