Ni Ule, Lakini Si Ule

Jioni moja hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa mkekani akitazama katuni ya Kimarekani. Mhusika mmoja akaanza kuimba. Mtoto akadakia, akaimba naye maneno mawili matatu, kisha akanyamaza ghafla.

"Mjomba, huu ni ule wimbo," akasema. "Lakini si ule."

Alikuwa sahihi. Katuni za mzaha kama The Simpsons na Family Guy zimejaa nyimbo za namna hiyo, zilizotungwa makusudi zifanane na wimbo maarufu bila kuwa ndio wenyewe. Mimi nimekaa studio miaka mingi, na vijana huniuliza mara kwa mara: kufanana huko ni wizi au ni ufundi? Jibu linategemea umechukua nini.

Mwangalie fundi wa mashua wa Jibondo anapotaka kuunda chombo kinachofanana na cha jirani. Anakizunguka, anakipima kwa macho, kisha anarudi kwake kuchonga mbao zake mwenyewe. Umbo ameliiga, mbao hakuziiba. Wimbo nao una matabaka yake. La kwanza ni utunzi, yaani mahadhi na maneno. La pili ni rekodi, yaani ile sauti hasa iliyonaswa studio siku fulani. Hayo mawili ndiyo mbao. La tatu ni sauti ya mwimbaji, ambayo ukiisikia gizani unamtaja mwenyewe kwa jina.

Mtunzi wa katuni anajua siri moja ya sikio: huutambua wimbo kabla mahadhi hayajaanza. Piga fidla, kanuni na akodiani kwa sekunde tatu, na mtu yeyote wa pwani atakwambia hiyo ni taarabu, ingawa hakuna aliyefungua kinywa. Kwa hiyo mtunzi huchukua kasi ileile, ngoma zilezile, gitaa lenye mlio uleule, na kumtafuta mwimbaji mwenye koo la kufanana. Kisha mahadhi anayakwepa. Pale wimbo wa asili unapopanda, wake unashuka. Pale wa kwanza unapovuta neno, wake unalikata. Msikilizaji anabaki kama mpwa wangu, amedakia halafu amepotea njia.

Taabu yote hiyo ina sababu. Kutumia wimbo wenyewe kunataka ruhusa ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi, na kila mmoja ana bei yake. Wakati mwingine hata msanii akikubali, mkataba wake unakataa. Mwaka 1991 The Simpsons ilirusha kipindi ambacho ndani yake yumo mtu anayejiita Michael Jackson. Maneno ya kuzungumza aliyasema Jackson mwenyewe, ila kwenye orodha ya washiriki aliandikwa John Jay Smith. Ilipofika zamu ya kuimba, mikataba ilimfunga, ikabidi aitwe mwigaji wa sauti, Kipp Lennon. Mhusika mmoja, makoo mawili, na watazamaji wengi hawakugutuka.

Wakati mwingine ruhusa huombwa ikanyimwa. Watengenezaji wa Family Guy waliomba kuutumia wimbo maarufu wa filamu ya Pinocchio ya mwaka 1940, wakakataliwa. Wakatunga wa kwao uliofanana nao kwa karibu sana, wakaburuzwa mahakamani. Mwaka 2009 mahakama ya New York iliamua kwamba ulikuwa mzaha unaoukejeli wimbo wenyewe, na sheria ya Marekani inauvumilia.

Sauti nayo imewahi kufikishwa mbele ya majaji. Kampuni iliyokuwa ikitengeneza matangazo ya magari ya Ford ilimtaka mwimbaji Bette Midler, naye akakataa. Wakapata ruhusa ya utunzi, wakamchukua mwimbaji aliyewahi kumwitikia Midler jukwaani, wakamwambia amwige. Utunzi ulikuwa na kibali, rekodi ya zamani haikuguswa. Hata hivyo, mwaka 1988 mahakama ya rufaa ilisema kuiga sauti ya mtu mashuhuri makusudi ili kuuza bidhaa ni kumpokonya kilicho chake.

Sisi huku pwani tumekuwa tukiiga tangu zamani, ila kwa njia iliyo kinyume kabisa. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alisifika kwa kuyavisha mashairi ya Kiswahili mahadhi ya filamu za Kihindi. Nenda harusini, utasikia wanawake wameugeuza wimbo wa redioni ukawa wa kumsifu bibi harusi. Sikiliza kaswida, mara nyingine utayatambua mahadhi ambayo hayakuzaliwa madrasa. Katika mila hii mahadhi ni ya kuazimana, na sifa humwendea aliyeleta maneno mapya yenye vina na mizani. Tunachukua mahadhi, tunaacha ala, sauti na maneno. Mtunzi wa katuni huacha mahadhi na kuchukua ala na sauti.

Tofauti hiyo ina uzito siku hizi, kwa kuwa kijana wa Kilindoni anaweza kuchora katuni kwa simu yake na kuirusha mtandaoni usiku huohuo. Akifuata mila, atachukua mahadhi ya wimbo unaotamba na kubadilisha maneno. Nyumbani atapigiwa vigelegele. Lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inayalinda mahadhi kama sehemu ya utunzi, hata kama hakutumia rekodi ya mtu. Mtindo, kwa upande mwingine, hauna mwenyewe. Hakuna anayemiliki singeli, wala mdundo wa bongofleva. Tazama Ubongo Kids, katuni ya Dar es Salaam iliyoanza kurushwa TBC1 mwaka 2014: hufundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo zilizotungwa kwa ajili yake.

Wala tusidhani sheria hizi ni za kuwalinda wakubwa peke yao. Mwaka 1939, Johannesburg, Mzulu mmoja aitwaye Solomon Linda alirekodi wimbo wake "Mbube". Mahadhi yake yakazunguka dunia kwa jina jingine na maneno ya Kiingereza, hadi Timon na Pumbaa wakayaimba kwenye katuni ya The Lion King ya mwaka 1994. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Mabinti zake walikuja kupata haki baada ya kesi iliyofunguliwa mwaka 2004 na kumalizika kwa maafikiano mwaka 2006.

Na ngoma zetu za Mafia je, zisizo na mtunzi anayejulikana? Sheria ileile ya 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, kwa hiyo mgeni anayetaka kuzichukua akafanye biashara hawezi kusema amezikuta hazina mwenyewe.

Kwa hiyo kijana akiniletea katuni yake studio, ninamtaka afanye jambo moja. Ninazima ala zote, namwambia auimbe wimbo wake kwa kuuguna tu, bila maneno. Ikiwa mtu wa tatu aliyekaa pembeni atautaja wimbo mwingine, tunarudi mezani. Ikiwa hautambui mpaka tuwashe ngoma na gitaa, hapo kijana ameiga umbo na mbao ni zake.

Jana nilimpa mpwa wangu kazi hiyo ya mtu wa tatu. Nilimgunia ule wimbo wa katuni. Akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Huu siujui, mjomba."

Nikagonga meza kwa mdundo wake tu, bila kuguna. Akaanza kuimba. Ule wa asili.