Maji kwenye tangi: msisingizie baridi ya usiku

Gari linazima ukipanda mlima, ukifika tambarare linawaka kama kwamba halikuwa na neno. Dereva anabadili buji, anabadili pampu, na ugonjwa uko palepale. Kabla hujatoa tena pesa, angalia maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Ya petroli haifiki gramu 800, ya mazuti (dizeli) ni kama gramu 840. Maji basi hulala chini kabisa ya tangi. Barabara ikiwa tambarare yanaweza kukaa pembeni. Gari likiinua pua, yanakimbilia pale pampu inaponyonya.

Ukiuliza yametoka wapi, utaambiwa ni umande: hewa ya ndani ya tangi inapoa usiku na kudondosha maji. Si uongo, ila tupige hesabu. Tuseme tangi lina lita 50 za hewa iliyoshiba unyevu kwa nyuzi 25. Ikipoa hadi nyuzi 15, kama usiku wa huku kwetu Butembo, inadondosha nusu gramu tu, matone kumi hivi. Gari lililotelekezwa miezi mingi linaweza kukusanya ya kutosha. Gari la kazi ya kila siku, hapana. Maji yanayozima injini yameingizwa pamoja na mafuta.

Mafuta yetu yanatoka pwani, yanapita Uganda, yanavuka mpaka Kasindi, kisha yanapanda Beni kwa barabara ya RN4 na kuendelea hadi Butembo. Njiani yanashushwa na kupakiwa tena, na mengine yanaishia kwenye bidoni za akina kadhafi, wauza mafuta wa kando ya barabara. Kila mfuniko uliolegea ni mlango wa mvua, na huku mvua haitupi likizo ndefu. Bidoni moja iliyooshwa ikajazwa kabla ya kukauka inakupa maji mengi kuliko umande wa siku nyingi. Omba mafuta kidogo kwenye chupa angavu, iache dakika kumi. Ukiona mstari au tone nene chini, dondoshea rangi ya chakula: rangi itashika maji, petroli itabaki ilivyo.

Kuyatoa kunataka subira. Acha gari lilale mahali tambarare usiku mzima ili maji yatulie. Asubuhi usiliwashe wala usilisukume. Fanyia kazi nje, mbali na sigara na jiko la makaa, na uchomoe waya hasi wa betri. Usifanyie juu ya shimo la garaji, kwani mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na unajikusanya humo. Tangi likiwa na boliti ya chini, weka beseni ufungue polepole: maji yatatangulia. Lisipokuwa nayo, kwenye magari mengi pampu inafikiwa chini ya kiti cha nyuma. Hapo unashusha mpira hadi kona ya chini kabisa na kunyonya kwa pampu ya mkono. Kwa mdomo, hata siku moja: petroli ikiingia mapafuni inaweza kuua. Kisha badili chujio.

Wenye Land Cruiser za mazuti wamerahisishiwa. Maji yakijaa kwenye chujio, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi. Legeza kwa vidole kizibo kilicho chini ya chujio, kama mizunguko miwili, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu yake hadi yatoke mazuti matupu, kisha kaza kwa vidole vilevile, koleo litakivunja. Taa hiyo si ya kupuuza hadi Beni. Pampu na nozeli za dizeli hulainishwa na mazuti yenyewe, na maji huzila kwa kutu na msuguano. Bei ya nozeli mnaijua.

Na lutuku, pombe kali ya kienyeji? Fundi anayetaka uimwage tangini ili “ikaushe maji” anakuongezea maji, maana karibu nusu yake ni maji, pengine zaidi. Spiriti safi husaidia petroli yenye matone machache tu. Kwenye mazuti usiitie kabisa.

Kwa wenye moto (pikipiki) kazi ni ndogo. Funga robine, weka kikopo chini ya kabureta, legeza skrubu ya chini: maji yatatoka kama shanga mbele ya petroli. Moto inayokohoa mara tu unapogeuza robine kwenye akiba inataka tangi lioshwe, kwa sababu akiba hunyonya sakafuni kabisa.