UZI: Ngoma ikilia Bura, nani analipwa? Ahadi ya "utalii wa utamaduni" Tana River

1/ Kwenye mijadala ya siasa Tana River, kuanzia Bura mpaka Garsen, ahadi hii haikosi: tutaleta watalii kwa utamaduni wetu. Watu wanapiga makofi, mkutano unaisha. Uzi huu unaeleza ahadi hiyo inamaanisha nini, sheria inasema nini, na maswali gani ya kumuuliza anayeitoa. Hatutaji mtu wala chama. Twende.

2/ Kwanza, kilichopo. Kaunti ina maeneo bunge 3: Garsen, Galole na Bura. Kuna Wapokomo, Waorma, Wawardei, Wamunyoyaya, Wamalakote, Wabajuni, Wasomali na wengine. Kuna wakulima, wafugaji, wavuvi. Kuna nyimbo, ususi wa mikeka, vyombo vya maziwa, mitumbwi ya kuchongwa. Malighafi si shida.

3/ Unadhani ni sanaa ndogo? Sikia hii. Mwaka 1963 wataalamu 5 wa muziki, miongoni mwao Graham Hyslop na George Senoga-Zake, walipewa kazi ya kutengeneza wimbo wa taifa. Tuni waliyoitumia ni ya wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Yaani kila mtoto wa shule Kenya anaimba tuni ya Mto Tana, na wengi hawajui ilikotoka.

4/ Mfano wa pili unauma zaidi. Ngadji ni ngoma kubwa, takatifu, ya Wapokomo. Wakoloni wa Kiingereza waliichukua, na tangu 1908 iko London, British Museum. Haiko hata ukumbini watu waione, iko stoo. Wazee wameidai, lakini sheria ya Uingereza ya 1963 inaibana sana makumbusho hiyo kuachia vitu vyake.

5/ Mifano hiyo miwili ina somo moja: sanaa ya Tana inasafiri, thamani yake hairudi nyumbani. Kwa hivyo mtu akisema "tuna utamaduni tajiri", hilo tunalijua. Swali ni je, safari hii pesa itabaki kwa nani?

6/ Sasa tuambizane ukweli. Mteja wa kwanza wa vikundi vya ngoma vijijini si mtalii. Ni mwanasiasa. Kina mama wanaamka alfajiri, wanapakiwa kwenye lori, wanakaa juani mpaka saa nane. Mheshimiwa akifika wanacheza dakika 10. Halafu? Soda, na noti chache za "mgawane".

7/ Waswahili wanasema mcheza kwao hutunzwa. Sasa mcheza kwao akipewa soda, mgeni atamlipa nini? Mgeni akija atauliza bei, na bei ataambiwa na yule aliyezoea kutoa soda. Hiki ndicho kipimo cha kwanza cha ahadi yoyote ya utalii wa utamaduni: vikundi vinalipwaje LEO kwenye sherehe za serikali yenyewe?

8/ Sheria inasemaje? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti shughuli za kitamaduni na utalii wa ndani ya kaunti. Serikali ya kitaifa inabaki na sera ya utalii ya nchi. Kwa hivyo ukiambiwa "hiyo ni kazi ya Nairobi", jua umepewa nusu ya jibu.

9/ Kifungu cha 11 cha Katiba kinaenda mbali zaidi: Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumika. Sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi ikapitishwa 2016. Inataka jamii iombwe ridhaa kwanza, na faida igawanywe kwa haki. Kazi ya kusajili inaanzia kwenye kaunti.

10/ Usajili una maana gani kwa mama wa Bura? Tuseme hoteli moja ya Pwani inachukua wimbo wenu, inauweka kwenye tangazo. Kama hakuna mahali palipoandikwa kwamba wimbo huu ni wa jamii fulani, utaanza kudai ukiwa na nini mkononi? Daftari ndiyo hati ya shamba la sanaa.

11/ Kuna mlango mwingine ambao wengi hawaugongi. Asilimia 30 ya ununuzi wa umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba tenda ya burudani, mapambo, mikeka au chakula cha wageni. Hapo mnalipwa kwa ankara, si kwa huruma.

12/ "Bura ni mbali, jua kali, nani atakuja?" Hoja hii mnaisikia sana. Loiyangalani, Marsabit, ni mbali zaidi, na tamasha la Ziwa Turkana lilianza 2008 likikutanisha jamii nyingi. Na wanaokwenda Lamu kwa barabara wanapita Garsen. Wageni wanapita tayari. Wanashuka, wanakunywa chai, wanaondoka mikono mitupu.

13/ Lakini tahadhari na jibu la "tufanye tamasha". Tamasha ni siku 3. Mwaka una 365. Jukwaa, spika na hema zikikodishwa kutoka Mombasa, pesa imerudi Mombasa. Kilicho bora ni kidogo cha kila wiki: kibanda cha mikeka stendi ya Garsen, kijana anayemtembeza mgeni mtoni, mama anayefundisha ususi kwa ada inayojulikana.

14/ Bura yenyewe inajua gharama ya mradi mkubwa uliochorwa mbali. Mradi wa umwagiliaji ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Mpango ulikuwa hekta 6,700, zikalimwa kama 2,500 tu, na gharama ikapaa. Mtu akija na "kijiji cha kitamaduni" cha mamilioni, uliza nani atakiendesha mwaka wa tano.

15/ Halafu amani. Mwaka 2012 na 2013 ndugu zetu zaidi ya 100 waliuawa kwenye mapigano ya Tana Delta. Wapo wanaosema ngoma zitatupatanisha. Zinaweza. Lakini jukwaa likiwa kwenye ardhi inayogombaniwa, au kamati ikiwa ya jamii moja, ngoma hiyo hiyo inawasha moto. Nani yuko kwenye kamati si swali dogo.

16/ Hoja ya upande wa pili ni nzito na inastahili heshima: "Watu wana ukame, kesho mafuriko, nyinyi mnaongea ngoma?" Ni kweli. Mkeka hauwezi kuchukua nafasi ya kisima. Pesa ikitolewa kwenye maji kwenda kwenye jukwaa, mkosoaji ameshinda. Lakini shamba likizama, mama mwenye mkeka wa kuuza bado ana kitu mkononi. Haya mawili hayafai kushindanishwa.

17/ Na si kila kitu ni cha kuuza. Ngadji haikuwa burudani, ilikuwa ibada. Wapo pia wanaosema ngoma fulani hazifai mbele ya wageni, kwa dini au kwa mila. Ridhaa inayotajwa na sheria ina pande mbili: jamii inaweza kusema ndiyo, na inaweza kusema HAPANA. Mpango usioruhusu hapana si mpango wa jamii.

18/ Basi ukikutana na mtoa ahadi, muulize:
a) Daftari la sanaa za jamii zetu liko wapi?
b) Vikundi vililipwa kiasi gani sherehe iliyopita, na baada ya siku ngapi?
c) Kamati ina nani, kutoka jamii zipi?
d) Baada ya tamasha, kazi ipi inabaki?
e) Ngadji: barua gani imeandikwa kuidai?

19/ Uulize lini? Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Ukingoja kampeni umechelewa. Na ukinyimwa takwimu, sheria ya kupata habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu. Andika barua, weka nakala.

20/ Kwa kifupi: usihesabu watalii walioahidiwa, hesabu malipo yaliyokwisha kutolewa. Anayelipa kikundi cha Bura leo kwa mkataba na kwa wakati, msikilize akizungumzia wageni wa kesho. Anayetoa soda, mpe soda yake arudi nayo. Swali lako la sita ni lipi? Liweke hapa chini.