Gari Linaponesanesa

Safari za kuwapeleka watoto Malindi zilianza kututia hofu. Kila tulipovuka tuta, Nissan X-Trail yetu iligonga mbele kushoto kisha ikanesanesa. Tukikanyaga breki, pua huzama. Tulidhani ni tairi. Tukaikandamiza boneti kwa uzito wetu juu ya gurudumu lile, tukaiachia. Gari zima huinuka mara moja likatulia. Letu lilipanda na kushuka mara tatu. Tukachungulia ndani ya gurudumu: shokomzoba imelowa mafuta yaliyogandamana na vumbi, na tairi limelika mabonde mabonde.

Wasomaji wetu wasidhani hili ni suala la starehe tu. Shokomzoba hulizuia gurudumu lisiiache barabara, na gurudumu linalorukaruka halishiki breki sawasawa.

Fundi alitushauri tubadili iliyovuja peke yake. Twakiri tulisitasita, maana mfuko ulikuwa mwepesi. Lakini moja ikiwa mpya na nyengine imechoka, pande mbili za gari hazitulii sawa, hasa kwenye kona na breki za ghafla. Tukabadili zote mbili za mbele, pamoja na mipira na beringi za juu.

La kuogopwa zaidi ni springi. Imebanwa kwa nguvu kubwa mno. Afunguaye nati ya katikati juu kabla ya kuifunga kwa vibanio vyake aweza kupoteza uhai. Tulipoona fundi hana vibanio, tulimsimamisha hadi alipoviazima kwa jirani.

Baada ya hapo gari likapimwa mlingano wa magurudumu. Safari iliyofuata, watoto walilala hadi Malindi.