Tanzia ya Jukwaani Mbele ya Kamera: Kazi Inayowangoja Wasanii wa Sombetini

Tanzia, yaani tamthilia inayomwonyesha mtu mkubwa akiangamia kwa kosa lake au kwa nguvu zilizomzidi, ilitungwa kwa ajili ya jukwaa, ambako mwigizaji hupaza sauti ili aliyeketi nyuma kabisa amsikie, na kwa hiyo haikutazamiwa kuenea katika kioo kidogo cha televisheni changa. Hata hivyo BBC, iliyoanza matangazo ya kawaida ya televisheni jijini London mwaka 1936, iliirusha Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1938 waigizaji wakiwa katika mavazi ya kisasa ya miaka ya 1930, si ya Kirumi, na mwaka 1949 kipindi cha Studio One nchini Marekani kikaikata tamthilia hiyohiyo iingie katika saa moja.

Maonyesho hayo yalirushwa mubashara, maana yake mtazamaji aliliona tendo papo hapo lilipotendeka, kwa kuwa mkanda wa kurekodia picha za televisheni ulikuwa haujaanza kutumika. Aliyesahau maneno hakuwa na nafasi ya kurudia, aliyemaliza onyesho alinyata nyuma ya kamera kwenda kubadili nguo, na mwongozaji alichagua palepale picha ya kamera ipi iende hewani. Ugumu huo ndio uliozaa sanaa mpya. Kwa kuwa umati wa Roma haukuweza kuenea studioni, nyuso chache zilizopigwa kwa karibu zilisimama badala yake, na mzungumzaji nafsia, yaani mhusika anayesema peke yake yaliyomo moyoni, hakulazimika tena kupaza sauti, akanong'ona.

Tanzania ilikuwa na matini mapema. Tafsiri ya Julius Caesar aliyoifanya Mwalimu Nyerere ilitoka mwaka 1963, ikapitiwa upya na kutolewa kwa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969, na kati ya matoleo hayo S. S. Mushi alitoa Makbeth, tafsiri ya Macbeth ya Shakespeare, mwaka 1968. Kilichokosekana ni chombo: Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, huku Bara ikisubiri hadi mwaka 1994, wakati ambapo tamthilia mubashara ilikuwa imekwisha kupitwa na mkanda kwingineko. Hiyo ni hasara ya kweli, kwa sababu vizazi kadhaa vya Bara vilikua bila kuiona tanzia ya Kiswahili ikichezwa kwa namna hiyo, na wengi waliijua kama kitabu cha mtihani tu.

Matini inayofaa kuliko zote kwa kurushwa mubashara ni tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969 na inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani. Inaanza na wanawake wawili wakizungumza juu ya njaa na kazi ya shuruti, mazungumzo yanayotosha katika chumba kimoja. Kinjeketile, mhusika mkuu atakayewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, anapozama mtoni, hakuna haja ya kuonyesha mto, kwani kamera ikizikazia nyuso za wanaomngoja, hofu yao itaeleza yote. Na gerezani, anapokataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo ijapokuwa anajua kifo kinamkabili, uso wake kwa karibu una uzito ambao jukwaa haliwezi kuufikisha hadi kiti cha mwisho.

Leo simu ya mkononi na intaneti hurusha picha mubashara bila studio, kwa hiyo kikundi cha vijana katika kata ya Sombetini, jijini Arusha, kinaweza kufanya kwa simu mbili au tatu kazi iliyohitaji mitambo mizito London. Kinachohitajika ni mazoezi marefu, mwongozaji mwenye ujasiri wa kupunguza mistari, na kibali cha mwenye hakimiliki kabla ya onyesho la kwanza. Vikundi vya Arusha vianze na Kinjeketile, na vianze sasa.