Kitabu Kinaponyamaza: Fani na Maudhui katika Vitabu vya Muziki wa Majaribio

Katika uhakiki tumezoea kukigawa kitabu mafungu mawili: fani huku, maudhui kule. Makala haya yanadai kwamba vitabu kuhusu muziki wa majaribio na wa kielektroniki vinaukataa mgawanyo huo, na kwamba mhakiki wa fasihi atafaidika akivisoma.

Hebu tuanze na Silence cha Mmarekani John Cage, kilichotoka mwaka 1961. Cage ndiye mtunzi wa 4′33″ (1952), kazi ambayo mpiga piano hapigi hata noti moja. Kinachosikika ni sauti za ukumbini tu. Kitabuni mna mhadhara wake juu ya "hakuna kitu", uliochapwa katika safu nne zenye nafasi tupu kati ya maneno. Sasa wewe jaribu kuusoma kwa sauti. Kila ufikapo penye nafasi, unalazimika kunyamaza. Kimya hakielezwi tu hapo. Msomaji mwenyewe anakitenda. Fani iko wapi na maudhui yako wapi? Utabaki unakuna kichwa.

Mfano wa pili ni Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio mjini Paris. Mwaka 1948 alirekodi milio ya garimoshi, akaipanga na kuirudiarudia hadi ikawa utunzi. Kitabu chake cha mwaka 1952, À la recherche d'une musique concrète, kinaanza kwa shajara. Kwa nini shajara? Kwa sababu anayetafuta haujui mwisho wa safari: leo anajaribu, kesho anakwama, keshokutwa anaanza upya. Umbo la kitabu ndilo umbo la utafutaji wenyewe.

Wapo watakaosema, "Huo si muziki bwana, ni kelele!" Kauli hiyo si ngeni kwetu. Kichomi cha E. Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974, baadhi ya wanamapokeo walidai mashairi yasiyo na vina na mizani si mashairi. Mwaka huohuo Mwingereza Michael Nyman alichapisha Experimental Music: Cage and Beyond. Nyman hatazami sana kazi iliyokamilika. Anatazama namna inavyotendeka kwa mtunzi, mpigaji na msikilizaji. Kwa anayeanza, mlango ni huo.

Tusiache kuuliza juu ya fani na maudhui. Ila tuongeze swali la tatu: kitabu hiki kinamfanya msomaji atende nini?